Huzuni Isiyo na Matanga: Barua za Wazazi Wenye Watoto Vitani

Toleo lililopita niliweka barua fupi ya mzee mmoja wa Kigoma aliyeuliza kama ni dhambi kumkatalia mwanae asiingie jeshini, nikamjibu kwa mistari minne nikadhani yameisha. Hayakuisha. Barua zimekuja, meseji zimekuja, kuna mama alinisimamisha kabisa hapa Isevya, Tabora, natoka dukani akanishika mkono akalia bila kusema chochote, nikajua tu. Kwa hiyo leo ukurasa mzima nimewaachia hao, mambo ya ndoa na mikopo yatasubiri.

Nimeshamzika mtoto aliye hai

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wanne naishi Ujiji, nauza dagaa na mawese sokoni Mwanga. Kijana wangu wa kwanza ni mwanajeshi ana miaka 26, mwezi wa tatu alinipigia akasema mama nimepangiwa Kongo kwenye ulinzi wa amani, anasema kwa furaha kama mtu kapata safari ya Dubai, na mimi nikajibu alhamdulillahi mwanangu nenda salama, nikakata simu nikakaa chini ya meza hukohuko sokoni. Tangu siku hiyo mimi sio mtu. Huku kwetu hali ya hewa ikiwa safi tunaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, zamani nilikua naiona ni pambo tu, saivi nikiiona naingia ndani nafunga dirisha. Usiku naota nimeitwa, naona gari, naona sanduku limefunikwa bendera, nimeshajua mpaka turubai litafungwa mwembe upi na wanawake watakaa upande gani, alafu naamka naona aibu kwamba mtoto mzima nimeshamzika. Akipiga simu sina cha kumwambia, juzi kaniuliza mama mbona umenibadilikia. Baba yake ndo kabisa hataki jina litajwe, nikilia ananiambia unamletea mtoto mkosi, anachukua redio yake anaenda kwenye kahawa anarudi saa nne usiku. Majirani wananiambia we shukuru Mungu mwanao ana ajira. Shangazi naumwa au nini? Nifanyeje?*

Marahaba mdogo wangu, na pole. Naanza na pole kwa sababu nimeisoma barua yako mara tatu sijaona sehemu hata moja mtu kakupa pole. Wangekupa ya nini, hakuna aliyekufa. Sisi watu wa huku msiba tunaujua vizuri sana, mtu akifa saa mbili saa tatu turubai limefungwa, maji yamechotwa, kuna kina mama jikoni na kuna wa kukaa na wewe mkekani usiku kucha. Lakini mtoto akibeba begi akaenda vitani mama yake anarudi nyumbani kama aliyetoka stendi kusindikiza mgeni. Huzuni yako haina matanga, ndo maana imekosa pa kukaa ikaja kukaa usingizini.

Huumwi, na wala hujaanza wewe. Mwaka 1944 kuna daktari wa Marekani anaitwa Erich Lindemann aliandika kuhusu watu wenye msiba, baadhi yao walikuwa wamefiwa kwenye moto mkubwa uliounguza ukumbi wa starehe kule Boston mwaka 1942, ila mwishoni akagusa jambo jingine, familia zilizopeleka watu Vita Kuu ya Pili. Akaona kuna watu wanaulia msiba wote wanaumaliza kabla hajafa mtu. Akatoa mfano wa askari aliyerudi kutoka vitani mzima akakuta mkewe hampendi tena, kumbe mwanamke alishalia akamaliza, alishamzika moyoni, sasa aliyezikwa karudi hana pa kukaa. Mdogo wangu, mwanao anaposema mama umenibadilikia ndo hicho anachokisikia kwenye sauti yako. Unaongea naye kwa upole ule wa kuongelea marehemu.

Na mimi nasema hivi kwa kuwa nimepita humo. Mwanangu wa pili alikuwa Darfur kule Sudan, kwenye ulinzi wa amani. Tarehe 13 Julai 2013 ilikuwa Jumamosi, nachambua mchele uani, redio ya jirani ikasema wanajeshi wa Tanzania saba wameuawa Darfur kwenye shambulio. Saba. Majina hakuna. Simu yake haipatikani. Ule mchele sikumbuki niliufanyaje, nilikuja kuukuta siku ya pili umejaa mchwa. Nilikaa usiku ule mzima, kesho yake mchana ndo akapiga, akasema mama mimi mzima, nikapiga kelele za furaha majirani wakaja, na hapohapo katikati ya kelele nikakumbuka kuna nyumba saba Tanzania hii simu hiyo haitalia. Mpaka leo nikikumbuka furaha yangu ile naisikia kama kitu nilichochukua kwa mtu. Kwa hiyo siwezi kukudanganya kwamba hatari haipo, ipo, wewe mwenyewe unakumbuka tarehe 7 Desemba 2017 kule Semuliki, Kivu Kaskazini huko Kongo, vijana wetu wasiopungua 14 walikufa kwa usiku mmoja. Atakayekuambia "hakuna kitu, wanalinda amani tu" huyo anataka uache kulia ili yeye apumzike.

Ila hatari ni kitu kimoja na mazishi ni kitu kingine. Sasa nikuambie kilichonisaidia mimi, kama kitakusaidia na wewe.

Simu yake ikiingia usimuulize hali ya usalama. Hatakuambia, na akikuambia hutalala. Mwambie ndoo ya dagaa leo imefika bei gani, mwambie mbuzi wa jirani kala mboga zako, mwambie mdogo wake kapata ngapi hesabu, mgombeze kwamba hajampigia bibi yake. Mgombeze kabisa! Mtoto anayegombezwa anajua bado ana kwao. Mimi wa kwangu alikuja kunisimulia baadae kwamba kilichomweka sawa kule jangwani ni ugomvi wangu na fundi bati ambao nilimsimulia miezi miwili kwa vipande, wenzake wote kwenye hema walikuwa wanaufuatilia, nikichelewa kupiga wanamuuliza fundi kaja?

Hizo video za maiti wanazorusha kwenye magrupu, toka. Sio unyamazishe, toka kwenye grupu. Nusu yake ni picha za vita vingine vya miaka mingine. Utaratibu wa majeshi ni familia kuambiwa kwanza ndipo majina yatangazwe, kwa hiyo ukikuta jina limefika wasapu kabla mtu hajagonga mlango wako usiliamini. Na hakikisha namba yako na ya baba yake zilizoko kule kikosini ndo mnazotumia sasa, watu wanabadili laini hovyo.

Alafu huyo baba yao. Umeandika mwenyewe bila kujua: *anachukua redio yake*. Mtu asiyetaka kusikia habari za mwanae hachukui redio mdogo wangu. Wewe unafunga dirisha usiione Kongo, yeye anaenda kwenye kahawa kuisikiliza Kongo mpaka saa nne usiku, kila mtu na njia yake ya kuzunguka shimo hilohilo. Huo "mkosi" anaousema ni woga wake, wanaume wengi wa kwetu wamelelewa kwamba ukilitaja jambo unaliita. Usimlazimishe alie. Siku moja jioni mpe kahawa nyumbani, kaa nae pembeni msikilize taarifa ya habari pamoja, ukisikia Kivu usiseme kitu, mshike tu bega. Inatosha kwa siku ya kwanza.

Na tafuta matanga yako. Wamama wenye watoto jeshini Kigoma hamko wawili, zimejaa hizo nyumba kuanzia Gungu mpaka Kasulu. Tafuta watatu tu, kaeni Ijumaa moja kwa mwezi someni dua ya watoto walio hai, pikeni, lieni, mchekane. Hiyo sio kumletea mtu mkosi. Ila kama wiki zinapita huli, hulali, biashara imekushinda kabisa au umeanza kuwaza heri usingekuwepo, hapo usinisubiri mimi wala toleo lijalo, nenda hospitali ya Maweni useme hivyohivyo ulivyoniandikia, uombe kuonana na anayehusika na afya ya akili.

Mama yetu yupo lakini hayupo

*Shangazi shikamoo, mi nipo kidato cha tatu Kasulu. Kaka yetu yupo jeshini mpakani sijui wapi hawatuambii. Tangu aondoke mama hatuoni sisi. Nimekua wa pili darasani nikamwonyesha ripoti akasema kaka yako angefurahi. Nyumbani hatusikilizi miziki hatuli nyama eti mwenzenu huko anakula nini. Mdogo wangu wa darasa la pili kauliza na mimi nikienda vitani ndo mama atanipenda? Nimwambie nini.*

Marahaba mwanangu. Hongera kwa nafasi ya pili, naisema mimi kwa sauti na wasomaji wote wa ukurasa huu wamesikia.

Huyo mdogo mwambie mama anampenda, ila moyo wa mama saa hizi uko kama mtu anayesikiliza mlio kwa mbali, ukimwita karibu hasikii. Alafu swali hilo la mdogo wako lipeleke kwa mama neno kwa neno. Usilipambe wala usilitolee hukumu, mwambie tu mama, fulani kaniuliza hivi nikakosa jibu. Litamuuma, acha limuume. Na wewe mama kama unasoma hapa: mwanao huko anakula vizuri zaidi kwa sababu nyumbani mmeacha nyama. Sio kweli eeh? Basi nunua nusu kilo wikiendi hii, hao waliobaki nao wana mama mmoja tu.

Mimi ndiye niliyempeleka

Barua hii ya baba mmoja wa Urambo ni kurasa sita, kaiandika kwa kalamu ya wino, nimefupisha.

*Dada yangu salaam. Mimi ni mkulima wa tumbaku. Mwanangu alitaka ufundi magari, mimi nikasema hapana, jeshi ndio heshima, mimi mwenyewe nilikataliwa ujanani kwa sababu ya macho. Nikauza tumbaku ya msimu mzima nikahangaika nae mpaka akapita JKT akaajiriwa. Siku anamaliza depo nilivaa suti. Miaka michache baadae akapelekwa misheni nje ya nchi akarudi kwenye sanduku. Wakaja maafande, zikapigwa risasi hewani, nikapewa bendera imekunjwa, watu wote wananiambia mzee usilie wewe ni baba wa shujaa. Basi sikulia. Mpaka leo sijalia dada. Nikienda shambani nakaa kwenye bani la kukaushia tumbaku natazama moshi hata mchana kutwa. Alafu ikaja fedha ya malipo yake, ndugu wakajaa, huyu anataka bati yule anataka pikipiki, mimi nikila hata ugali nahisi nakula mwanangu. Mke wangu hajawahi kunilaumu kwa neno hata moja na hilo ndilo linaloniua. Nifanye nini na mzigo huu.*

Kaka yangu. Nimekaa na barua yako siku nne.

Nianze na hilo neno shujaa, maana nadhani ndilo lililokuziba. Ni neno zuri, mwanao anastahili, kila tarehe 25 Julai nchi nzima inalitamka na viongozi wanaweka mkuki na ngao na maua pale mnarani, na ni haki yao hao vijana. Lakini shujaa ni wa nchi. Wewe hukufiwa na shujaa kaka, umefiwa na mtoto aliyekuwa anapenda magari. Nchi imeshamlilia wa kwake kwa bendera na risasi, wa kwako bado hujamlilia. Wanaosema baba wa shujaa halii hawajui, wale maafande waliokuja kwako na wenyewe wakirudi kambini wanalia, mwanangu amebeba masanduku ya wenzake ananiambia.

Kwamba wewe ndiye uliyempeleka. Sitakuambia hukumpeleka, umeandika kurasa mbili nzima kunieleza ulivyohangaika, nikikuambia "usijilaumu" utaona sijasoma. Ulimsukuma, ni kweli. Ila kuna kitu kwenye kurasa yako ya nne umekipita haraka, kwamba mwaka wake wa pili jeshini alipata nafasi ya kutoka kwenda kwenye karakana ya mjomba wake Tabora mjini akakataa, akakuambia baba huku nimepata ndugu. Basi mlango ulimfungulia wewe, lakini kubaki alibaki mwenyewe, alikuwa mtu mzima mwenye akili yake, na ukibeba lawama yote unamnyang'anya hata huo uamuzi wake. Beba sehemu yako. Sehemu yako ni ile suti, ni ile haraka yako, ni kwamba hukumuuliza mara mbili kuhusu ufundi. Hiyo inabebeka, nzito lakini inabebeka. Kifo chenyewe kina waliofyatua.

Na mkeo. Hajakulaumu, umesema. Je wewe umeshamwambia? Mimi nina hakika, kwa miaka ambayo nimesoma barua kama hizi, kwamba yeye anasubiri wewe uanze, anaogopa akikugusa utavunjika. Sio lazima iwe hotuba. Nenda nae kwenye bani, mkae wote mbele ya huo moshi, sema mama fulani mimi ndiye niliyesema jeshi. Atakavyojibu sijui. Anaweza kukasirika, mwache akasirike, hasira yake unaiogopa miaka yote hii na bado unaishi nayo kimyakimya.

Fedha. Jamani fedha za marehemu zimevunja nyumba nyingi kuliko vifo vyenyewe. Kwanza kama mwanao aliacha mke au watoto wao wana haki yao humo, hilo mkalisimamie kisheria mahakamani kwa utaratibu wa mirathi, sio kikao cha ukoo chini ya mti. Pili, hao wa bati na pikipiki waambie kwa adabu kwamba mwaka huu hakuna kinachogawiwa, mtu mwenye msiba asifanye hesabu kubwa. Fedha haiozi. Tatu, hilo la kuona unakula mwanao, na mimi nasema kitu ambacho unaweza kukikataa, kama kuna sehemu iliyo yako kweli, tafuta kijana mmoja Urambo hapo anayetaka ufundi magari na hana ada, mpeleke VETA. Sio kwamba utakuwa umemlipa mwanao deni, halilipiki hilo. Ila utakuwa umekaa siku moja na kitu alichokipenda, na nadhani hapo ndipo machozi yako yalipo.

Niandikie tena. Kwa kalamu hiyohiyo.

Mtoto yangu walimubeba

Hii imeletwa na kijana anayejitolea kambi ya wakimbizi Nyarugusu, kaiandika kama mama mmoja wa Kongo alivyosema, nami nimeiacha hivyo.

*Mimi niko mama wa Fizi, niko hapa kambini na batoto tatu. Wa ine, muvulana, alikuwa na miaka kumi na tano, benye bunduki walimubeba njiani tukikimbia. Banasema ameisha kuwa askari yao. Banawake wa hapa banasema mtoto wako ni muuaji. Sijui iko muzima ao hapana. Mimi nalia nani, mtoto ao muuaji?*

Mama, pole sana. Unamlia mtoto. Hakuna hapo maswali mawili.

Na hao wanaokuambia vingine waambie sheria ya dunia iko upande wako. Itifaki ya Umoja wa Mataifa iliyoanza kufanya kazi mwaka 2002 inakataza makundi yenye silaha yasiyo jeshi la serikali kumchukua yeyote aliye chini ya miaka 18, na mwaka 2012 mahakama ya kimataifa kule The Hague ilimtia hatiani Thomas Lubanga, mtu wa Kongo hukohuko, akafungwa miaka 14, na kosa lenyewe lilikuwa kuwachukua watoto wa chini ya miaka 15 na kuwapiganisha. Hatia ilimkaa aliyewabeba. Aliyebebwa ndiye aliyedhulumiwa.

Nenda kwa watu wa Msalaba Mwekundu, wana kazi yao maalum ya kutafuta ndugu waliopotezana vitani, uandikishe jina lake, jina la baba yake, kijiji, alama za mwilini, siku na mahali alipochukuliwa. Sema yote hata kovu dogo. Na katika hao batoto watatu ulionao, usimfute huyo wa nne wakihesabiwa, ukiulizwa mna watoto wangapi nyumbani sema wanne. Wadogo zake wasikie. Watoto wanaotoka kwenye hayo makundi wanarudi wakiwa na aibu kubwa, wengine wanaogopa kwenda kwao kuliko wanavyoogopa porini, na kinachoamua sana kama atakaa nyumbani au atapotelea tena ni kama atakuta amehesabiwa.

Sahani ya mjomba

*Shangazi shikamoo. Nyumbani kwetu Mwandiga tunaishi na bibi, ana miaka kama 85 hivi. Mwanae wa kwanza, yaani mjomba wetu sisi hatukumkuta, alichukuliwa mgambo mwaka 1978 vita vya Amin akaenda Kagera hakurudi, barua ikaja moja tu toka Masaka alafu basi. Bibi mpaka leo kila jioni anamtengea sahani. Hatumsemi, lakini sasa mama mdogo kaokoka anasema hiyo ni mizimu itatufungia baraka, ameivunja sahani wiki iliyopita mbele ya bibi. Bibi hakusema kitu ila hali tena vizuri. Tufanyeje, na je ni sawa mtu kukaa na msiba miaka yote hiyo?*

Marahaba mwanangu. Leo hiihii kabla hujamaliza kusoma tuma mtoto akanunue sahani. Ya bati kama ile ilikuwa ya bati.

Vita vile nilikuwa msichana mdogo, nakumbuka Mwalimu kwenye redio tarehe 2 Novemba 1978 akisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunazo na nia tunayo, watu wakashangilia mpaka vumbi likapanda. Tulishangilia sote. Mgambo wakachukuliwa kwa maelfu, vijana wa vijijini waliokuwa wamefundishwa kwa bunduki za mbao, wakatembea kwa miguu kutoka Mutukula mpaka Masaka mpaka Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Walipokuwa wanarudi tukashangilia tena, na katikati ya zile shangwe mtu kama bibi yako alikuwa anahesabu sura zinazoshuka kwenye malori. Bibi yako hakupewa mwili, hakupewa siku ya kufa, hakupewa hata mtu wa kumwambia nilimwona mara ya mwisho hapa. Kuna mtaalamu wa Marekani, Pauline Boss, ambaye alifanya kazi na wake wa wanajeshi waliopotea vita vya Vietnam, yeye anasema mtu wa namna hii hawezi kumaliza msiba kwa sababu msiba wenyewe haujafungwa, kosa sio la moyo wake. Kwa hiyo miaka mingi sio tatizo. Sahani ndiyo njia aliyoipata ya kusema hajui, na wala haijamzuia kuwalea ninyi wote.

Mama mdogo simwekei maneno makali, imani yake naiheshimu. Ila mwulizeni kwa upole, huyo mizimu bibi amewahi kumchinjia kuku? Amewahi kumwomba mvua? Anatenga chakula cha mtoto ambaye anaweza kuchelewa kurudi, kila mama wa Kigoma anaacha chakula cha anayechelewa. Aende mwenyewe akamwombe radhi mama yake, na asipeleke Biblia siku hiyo, apeleke sahani.

Jambo la pili, na hili mlifanye bibi bado ana nguvu. Kuna makaburi ya mashujaa wa vita vile Kaboya, wilaya ya Muleba. Sijui kama mjomba wenu yupo pale, lakini wenzake wapo. Ni safari ndefu kwa mtu wa umri wake, Kasulu, Kibondo, Kakonko, mkalale Biharamulo, kesho yake Muleba, msimpeleke kwa siku moja. Mwulizeni kwanza kama anataka, kuna wamama hawataki kabisa kuona kaburi kwa kuwa sahani ndiyo inayomweka mtoto hai, na akisema hataki msirudie kuuliza. Akikubali mpeni nafasi atembee mwenyewe kati ya hayo makaburi, msimwongoze, msimpige picha. Akitaka kukaa kwenye kaburi la mtoto wa mtu mwingine akalilie hapo mwacheni, na huyo naye pengine mama yake yuko mbali.

Na mkirudi jioni, kama ataitenga sahani, tengeni naye.